Chakula kina kwao: jibu kwa kijana anayepika vyakula vya Meksiko ugenini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Minnesota, Marekani. Napika katika mgahawa wa Kimeksiko. Sahani zetu karibu zote zinafanana: jibini la manjano juu, wali mwekundu pembeni, maharage ya kuponda. Lakini saa tisa alasiri, wateja wakipungua, wenzangu wawili wa jimbo la Puebla, Meksiko, hutupikia sisi wafanyakazi, na hicho ni chakula kingine kabisa. Juzi walipika kuku kwa mchuzi wa kijani wa mbegu za maboga, nikakumbuka nyumbani mpaka maneno yakanikauka. Nilipomwomba mwenye mgahawa tukiuze, alisema wateja hawatakielewa. Je, yupo mpishi aliyechukua vyakula vya mikoani vya Meksiko akawapelekea watu wasiovijua, wakavipenda? Alifanyaje? Na mtu asiye mwenyeji kama mimi ana haki ya kufanya hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Yupo, tena si mmoja. Nitakaa zaidi na Rick Bayless wa Chicago, kwa kuwa safari yake naijua hatua kwa hatua, na kwa kuwa yeye pia si mwenyeji, kama wewe. Baadaye nitakuletea wanawake kadhaa wa Meksiko wenyewe, maana ukimsikia Bayless peke yake utakuwa umeisikia nusu ya habari.

Lakini kwanza usizidharau hizo sahani zenu za jibini la manjano. Hicho ni chakula cha mpakani, cha Texas, na kimepikwa na familia zenye asili ya Meksiko zilizokuwa zikiishi Texas kabla haijawa sehemu ya Marekani. Kina kwao na kina heshima yake. Tatizo lilianza pale chakula cha kona hiyo moja kilipochukuliwa kuwa ndiyo Meksiko yote. Migahawa ya Taco Bell ilianza mwaka 1962 kuuza taco za ganda gumu, yaani mkate mwembamba wa mahindi uliokunjwa na kujazwa nyama, na kizazi kizima cha Wamarekani kikakua kikidhani basi, hicho ndicho wanachokula Wameksiko. Nchi yenyewe ina majimbo 31 mbali na mji mkuu, na serikali yake inatambua lugha 68 za wenyeji mbali na Kihispania. Ni sawa na mgeni kula chipsi mayai stendi ya mabasi, akarudi kwao kusimulia vyakula vya Tanzania.

Bayless alizaliwa Oklahoma City mwaka 1953. Wazazi wake walikuwa na mgahawa wa nyama za kuchoma, kwa hiyo joto la jiko na miguu kuuma alivijua tangu utotoni. Chuoni alisoma Kihispania na utamaduni wa Amerika ya Kilatini, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea isimu na anthropolojia kwa shahada ya uzamivu, ambayo hakuimaliza. Mwaka 1978 na 1979 aliendesha kipindi cha televisheni cha upishi wa Kimeksiko chenye sehemu 26. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, uso wake uko kwenye televisheni. Wengi wetu tungefungua mgahawa kesho yake.

Yeye hakufungua. Alimwoa Deann, na kati ya 1980 na 1986 wawili hao walitumia sehemu kubwa ya muda wao Meksiko, wakizunguka jimbo hadi jimbo, sokoni, kwenye vibanda vya mama lishe, kwenye majiko ya nyumbani. Walisafiri zaidi ya maili 35,000. Walikuwa wakiuliza, wakionja, wakiandika. Kitabu kilichotokana na miaka hiyo kilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo wakafungua Frontera Grill katika mtaa wa Clark, Chicago. Mwaka 1989 wakafungua wa pili, mlango wa jirani, wakauita Topolobampo, jina la bandari moja ya jimbo la Sinaloa. Frontera ilikuwa ya kelele na vicheko. Topolobampo ilikuwa ya kitambaa cheupe mezani, na ilikuwa miongoni mwa migahawa ya mwanzo Marekani kukipa chakula cha Kimeksiko hadhi iliyokuwa ikipewa chakula cha Kifaransa.

Hii miaka sita ndiyo ninayotaka uiangalie. Sisi wapishi tunapenda kuzungumzia kipaji cha ulimi, na sikatai kwamba kipaji kipo. Lakini Bayless alipofungua mlango alikuwa na kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho: kila sahani aliijua kwao. Aliweza kusema hii ni ya Veracruz, hii ya Yucatán, hii ya mji fulani wa Michoacán, na aliweza kueleza kwa nini ni ya huko na si ya kwingine. Naamini kwa moyo wote kwamba hicho ndicho kilichowabadilisha wateja. Mtu akiwekewa samaki mwenye mchuzi wa nyanya ataona samaki mwenye mchuzi wa nyanya. Mwambie kwamba ndani mna zeituni na vichipukizi vya kepa kwa sababu Veracruz ndiyo bandari ambako meli za Wahispania zilitia nanga kwa karne tatu, na atakula kwa namna nyingine kabisa. Mwambie nyama ya Yucatán ni nyekundu kwa mbegu za achiote, ni kali kwa maji ya danzi, na imefungwa majani ya mgomba na kufukiwa kwenye shimo la moto, naye hatakuuliza tena jibini la manjano liko wapi.

Chakula kisicho na kwao huwa kinaombwa kifanane na kile mteja alichokula jana. Chenye kwao kinaruhusiwa kuwa tofauti. Mwenye mgahawa wenu anaposema wateja hawatakielewa, huenda anasema kweli, kwa sababu hakuna aliyewaambia kinatoka wapi.

Chicago nayo ilimsaidia, tusimnyime mji haki yake. Wameksiko walianza kwenda huko kwa wingi miaka ya 1910 na 1920 kufanya kazi za reli, viwanda vya chuma na machinjio, na mitaa ya Pilsen na Little Village ilikuwa imejaa maduka yao zamani. Pilipili kavu zilikuwepo na tortilla za moto, ile mikate myembamba ya mahindi, zilikuwepo. Waliokuwa wanakula vizuri na waliokuwa na pesa za kula katikati ya mji hawakuwa wakikutana, basi. Minnesota si Chicago, lakini naamini ukiuliza wenzako wa Puebla wananunua wapi vitu vyao, watakupeleka duka ambalo hukuwahi kulitia machoni.

Sasa nieleze ufundi kidogo, maana mapenzi bila ufundi hayajazi sahani.

Anza na mahindi. Tortilla ya kweli haianzi kwenye unga. Mahindi makavu huchemshwa kwa maji yenye chokaa, hii hii chokaa inayopakwa kwenye tambuu, kisha yanalala humo usiku kucha. Asubuhi maganda yamelegea, yanaoshwa, halafu yanasagwa yangali na unyevu mpaka yawe kinyunya laini. Mahindi yaliyopitia chokaa huitwa nixtamal, neno la lugha ya Nahuatl. Ladha inabadilika, kinyunya kinashikana bila kukatika, na juu ya hayo chokaa inaifungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya mahindi. Mahindi yalipokwenda Italia na kusini mwa Marekani bila ujuzi huo, maskini walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra, ngozi ikibabuka na akili ikivurugika, wengi wakafa. Waliotuletea sisi mahindi Afrika Mashariki nao walileta punje, hawakuleta chokaa. Huwa nalifikiria hilo kila nikisonga ugali. Mbegu ilivuka bahari, na elimu ya akina mama walioilea kwa maelfu ya miaka ikaachwa ufukweni.

Kisha pilipili. Sisi watu wa pwani tukisema kitale, dafu, koroma, nazi, mgeni anaona tunda moja, lakini wewe unajua huwezi kukuna dafu wala huwezi kunywa nazi. Wameksiko wako hivyo kwa pilipili. Poblano ikiiva na kukaushwa inaitwa ancho. Jalapeño ikiiva na kukaushwa kwa moshi inaitwa chipotle. Mirasol ikikauka ni guajillo, chilaca ikikauka ni pasilla. Kila moja ina kazi yake: moja inatoa rangi, nyingine utamu kama wa zabibu kavu, nyingine uchungu kidogo, na ukali wenyewe mara nyingi ni jambo la mwisho kufikiriwa. Wenzako wakikutuma pilipili, usirudi na yoyote.

Na mole. Hili neno utalisikia sana, na utasikia watu wakisema ni mchuzi wa chokoleti. Si kweli. Mole ni mchuzi mzito wa vitu vya kusaga, na aina nyingi hazina chokoleti hata chembe. Jimbo la Oaxaca peke yake huhesabiwa mole saba, na ile nyeusi, mole negro, ndiyo ngumu kuliko zote. Pilipili, hasa chilhuacle zinazolimwa katika bonde la Cañada huko Oaxaca, huchomwa kwenye chuma mpaka ziwe nyeusi. Hata mbegu zake huunguzwa zikawa makaa, halafu zinalowekwa ili uchungu upungue. Ufuta, karanga, lozi, zabibu kavu, ndizi za kupika, mkate, nyanya, vitunguu, kila kimoja kinakaangwa peke yake kwa sababu kila kimoja kina wakati wake wa kuiva. Kuna karafuu, mdalasini, pilipili manga. (Karafuu ilifika Meksiko zamani kwa meli za Wahispania, wakati Unguja hatujapanda hata mkarafuu mmoja. Sisi tulianza karne ya 19.) Vyote vinasagwa, uji ule mzito unakaangwa tena kwenye mafuta mpaka mafuta yajitenge, ndipo unapotiwa supu, ndipo chokoleti kidogo inapoingia mwishoni. Ni kazi ya siku moja au mbili.

Mchuzi huo mweusi ndio Bayless alioupika mwaka 2009 katika fainali ya shindano kubwa la wapishi kwenye televisheni ya Marekani, akashinda. Tarehe 19 Mei 2010 alipika tena mole ya Oaxaca katika Ikulu ya Marekani, kwenye dhifa ya kitaifa ya kumpokea Rais Felipe Calderón wa Meksiko. Novemba mwaka huohuo UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, ikitumia upishi wa jimbo la Michoacán kuwa mfano. Tangu hapo, mtu wa kumwambia mpishi kwamba chakula hicho ni cha bei rahisi na cha bia tu, amebaki na hoja dhaifu.

Tuzo zake sitazipanga zote. Mwaka 1995 taasisi ya James Beard, inayotunuku wapishi na migahawa ya Marekani, ilimtaja mpishi bora wa nchi hiyo, Frontera Grill ikawa mgahawa bora wa nchi mwaka 2007, na Topolobampo ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2012 serikali ya Meksiko ilimpa nishani ya Tai wa Azteki, ya juu kabisa inayopewa wageni.

Mambo mawili katika kazi yake hayasemwi sana, na kwangu ni makubwa kuliko tuzo. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapeleka wafanyakazi wake Meksiko kila mwaka, wapishi na wahudumu, wakaonje na kuuliza wenyewe. Mhudumu aliyekula sahani kwao haikariri menyu, anasimulia. La pili ni wakulima. Chicago ina baridi kali, na nyanya za dukani wakati huo zilikuwa kama mpira. Akatafuta wakulima wadogo wa karibu, akanunua kwao, na mwaka 2003 akaanzisha mfuko wa kuwapa ruzuku. Watu wanadhani kupika chakula cha kwenu ugenini maana yake ni kuagiza kila kitu kwa ndege. Upishi wa mkoani ni kupika kinachoota hapo ulipo, na aliyeelewa Oaxaca vizuri anajua kwamba hata Minnesota lazima aende kuonana na mkulima.

Kazi yake ina upande ambao mimi siufurahii sana. Mwaka 1996 alianza kuuza salsa za chupa, na mwaka 2016 biashara hiyo ikanunuliwa na ConAgra, kampuni kubwa ya vyakula. Najua chupa ile imefika kwenye majiko ambayo mgahawa wa Clark usingefika kamwe. Lakini chupa haina wa kuuliza. Imekaa rafuni na zenzake, na hadithi ya Veracruz imebaki karatasi ya kubandika. Sisemi ni kosa. Nasema hapo ndipo chakula kinaanza tena kupoteza kwao, na mpishi anatakiwa ajue anapofika hapo.

Sasa lile swali lako la haki. Nimelisoma mara tatu, na nakuheshimu kwa kuliuliza.

Bayless hakuwa mgeni wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Diana Kennedy, Mwingereza aliyehamia Meksiko mwaka 1957 na mumewe mwandishi wa habari. Mume alifariki mwaka 1967. Mwaka 1969 alianza kufundisha upishi wa Kimeksiko huko New York, na kitabu chake cha kwanza, mwaka 1972, ndicho kilichowaambia wasomaji wa Kiingereza kwamba Meksiko haina upishi mmoja, ina mingi. Alizunguka vijijini kwa gari lake mpaka uzeeni, akafa Julai 2022 nyumbani kwake Michoacán, akiwa na miaka 99. Alikuwa na tabia moja niliyoipenda mno: aliandika ni nani aliyempa pishi. Mama wa mji fulani, mpishi wa nyumba fulani. Hakujifanya amelibuni mwenyewe.

Hata hivyo Wameksiko wengi wameuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kamera na pesa humwona mgeni kwanza. Hebu tazama. Mwaka 1987, mwaka uleule wa Frontera Grill, Zarela Martínez alifungua mgahawa wake Manhattan, New York. Yeye ni mzaliwa wa Agua Prieta, Sonora, jimbo la kaskazini ambako tortilla ni za ngano na ng'ombe ni wengi. Alipika vyakula vya mikoani bila kuvipunguza makali, aliandika vitabu, kimojawapo cha Oaxaca, na mgahawa ule ulidumu mpaka 2011. Lakini mtaani ukiuliza nani aliyeleta upishi wa mikoani Marekani, jina linalotajwa ni la Bayless. Mimi sidhani Bayless alimnyang'anya. Nadhani milango ya benki, ya televisheni na ya wachapishaji haifunguki sawasawa kwa kila anayebisha.

Au Cristina Martínez wa Philadelphia. Anatoka Capulhuac, Jimbo la Meksiko, mji ambao watu wake wanajulikana kwa barbacoa: kondoo anafungwa majani ya mkonge wa maguey, anaiva usiku kucha kwenye shimo, na maji yake yanayodondoka yanakuwa supu. (Hiki kitakufaa hata kama nguruwe huli. Na ujue nguruwe na ng'ombe walifika Meksiko na Wahispania, kwa hiyo pishi nyingi za zamani hazikuwahi kuwajua.) Alifika Marekani bila hati, akafanya kazi kwenye majiko ya watu, akaanza kuuza barbacoa kutoka nyumbani kwake, ikawa mgahawa wa South Philly Barbacoa. Hali yake ya kutokuwa na hati hakuificha, aliisema hadharani, na alitetea wapishi wenzake wa hali hiyo. Mwaka 2022 taasisi ya James Beard ilimtaja mpishi bora wa ukanda wake. Mwaka huohuo Iliana de la Vega, aliyekuwa na mgahawa Oaxaca kabla ya kuhamia Austin, akatajwa mpishi bora wa Texas.

Na kuna asiyehama kabisa. Abigail Mendoza, wa jamii ya wenyeji Wazapoteki, wa kijiji cha Teotitlán del Valle huko Oaxaca, anapika na dada zake mahali panapoitwa Tlamanalli. Anasaga kwa magoti juu ya metate, jiwe la kusagia la babu zake. Yeye hakupeleka chakula kwa wageni, wageni wamemfuata kijijini.

Kwa hiyo, mwanangu, je, una haki? Jibu langu ni ndiyo, lakini inakuja na madeni, na nitakueleza nilivyolijua hilo kwa kulikosea.

Nilifanya kazi miaka sita katika jiko la hoteli moja Marekani. Aliyekuwa akiosha vyombo alikuwa mama wa Oaxaca, wa umri wa dada yangu mkubwa. Siku za mvua alikuwa akitupikia amarillo, mole ya manjano nyepesi yenye hoja santa, jani linalonukia kama bizari tamu na pilipili manga pamoja. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha kwa mwezi mzima, baada ya zamu yake, miguu imemvimba. Nikaipeleka kwa mpishi mkuu, ikaingia kwenye menyu ya msimu wa baridi. Wateja waliipenda. Nikapandishwa cheo. Yeye alibaki kwenye sinki, na kwenye menyu hapakuwa na Oaxaca wala jina lake, palikuwa na jina la hoteli. Siku aliyoacha kazi alinikumbatia na hakunilaumu kwa neno lolote. Ni miaka kumi na saba sasa. Kila ninapofundisha amarillo naanza kwa kumtaja, na wanafunzi wangu wanajua kwamba pishi hilo lilinijia mikononi mwa mama aliyekuwa anaosha sufuria.

Basi fanya nilichoshindwa mimi. Kabla hujarudi kwa mwenye mgahawa, kaa na hao wenzako wawili, uwaulize kama wanataka chakula chao kiuzwe. Huenda hawataki. Huenda ile saa tisa ni yao, ndiyo saa pekee ya siku ambayo wako nyumbani. Wakikataa, heshimu, endelea kula na kushukuru. Wakikubali, wao ndio wawe mbele: wao wapike, wewe usaidie, na malipo ya ziada yajadiliwe tangu mwanzo, si baada ya sahani kupendwa. Uliza wanatoka mji gani wa Puebla, maana Puebla ni jimbo kubwa, na pipián ya mjini si pipián ya mlimani.

Maana hicho mlichokula kinaitwa pipián verde. Na ulivyokumbuka nyumbani hukukosea. Boga lilianza kulimwa Meksiko karibu miaka 10,000 iliyopita, na mbegu za zamani kabisa zilichimbuliwa katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca. Mahindi yetu, pilipili zetu, nyanya, parachichi, papai, vyote kwao ni upande ule wa bahari. Na vya kwetu vilikwenda pia. Omba wenzako wakuonyeshe kinywaji chao chekundu cha jamaica, utakuta ni rosela, na chao cha tamarindo utakuta ni ukwaju. Mimea yote miwili ina asili ya Afrika. Kwa hiyo ukisimama kwenye jiko lile hujasimama na watu usiohusiana nao kabisa.

Kwa mwenye mgahawa, usiende na mapinduzi. Omba siku moja ya juma, Alhamisi kwa mfano, sahani moja, sahani kumi na tano tu, zikiisha zimeisha. Kwenye ubao pasiandikwe "kuku wa mchuzi wa kijani". Paandikwe pipián verde, na chini yake mji na jimbo, na mpishi kama ameridhia jina lake liandikwe. Mhudumu apewe ale kwanza, bure, akiwa amekaa. Wateja wa meza tatu za mwanzo wapewe kijiko cha kuonja kabla hawajaagiza. Bei isiwe ya chini ya sahani nyingine, maana mteja akiona ni rahisi atadhani ni duni. Na msiwapunguzie pilipili kwa kuwaonea huruma. Waambieni ina ukali kiasi gani, wachague wenyewe.

Jikoni, mbegu za maboga zikaangwe kavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka. Zisageni na zile nyanya zao za kijani zenye ganda kama karatasi, pilipili serrano, majani ya epazote, giligilani, na majani ya figili au saladi kwa ajili ya rangi. Ukaangeni mchuzi kwenye mafuta kidogo kwanza, kisha mtie supu ya kuku kidogokidogo. Usichemke kwa nguvu, utakatika, mafuta yatakwenda huku na maji huku. Na zile mbegu, zikianza tu kuvimba na kurukaruka kwenye kikaango, ziondoeni palepale. Zikishageuka kahawia mchuzi wote utakuwa mchungu, na mchuzi mchungu wa Alhamisi ya kwanza mwenye mgahawa hatausahau.